Lise Meitner, mkimbizi aliyekataa kutengeneza bomu



Mkristo akiona herufi Mt kando ya somo la Jumapili, mara nyingi anajua ni Injili ya Matayo. Lakini watoto wetu wanaosoma Biochimie wanazijua herufi hizo mahali pengine. Katika jedwali la elementi linalobandikwa ukutani mwa darasa, karibu na chini kabisa, kwenye nafasi ya 109, kumeandikwa Mt. Hapo si Matayo. Ni meitneri, elementi isiyopatikana udongoni, majini wala hewani. Ni watu walioitengeneza, na kila inapotengenezwa inatoa mionzi na kutoweka. Hata aina yake inayodumu zaidi, nusu ya atomu zake hupotea katika sekunde chache tu. Haiuzwi sokoni, haitumiki hospitalini. Inabeba tu jina la mwanamke mmoja, Lise Meitner.

Tumeona vema kueleza maisha yake hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mkimbizi, na kati yetu ni wengi wanaojua maana ya kuiacha nyumba kwa saa moja. Ya pili, kazi yake ilikuja kukutana na jiwe lililochimbwa katika nchi yetu, huko Katanga, na yeye akachagua njia ambayo wenzake wengi hawakuichagua.

Msichana wa Vienna

Lise alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwezi wa 11 mwaka wa 1878. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 8. Baba yake, Philipp, alikuwa wakili, na jamaa yao ilikuwa ya asili ya Kiyahudi. Nyumbani kulikuwa na vitabu na muziki, na wasichana walihimizwa kufikiri sawa na wavulana.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa tofauti. Wakati ule shule ya serikali kwa msichana wa Vienna iliishia akiwa na miaka 14. Lise alisomea ualimu wa Kifaransa, kwa sababu hiyo ilikuwa njia moja kati ya chache ambazo msichana aliruhusiwa kupita. Mwaka wa 1897 vyuo vikuu vya Austria vilianza kufungulia wanawake milango, lakini sherti kwanza wapite mtihani wa mwisho wa sekondari, ambayo wasichana hawakuwa wameisoma. Lise alikazana, akabana masomo ya miaka mingi ndani ya miaka michache. Mwaka wa 1901 wasichana 14 walifanya mtihani ule, wakapita 4 tu. Lise alikuwa mmoja wao.

Chuoni alimpata mwalimu aitwaye Ludwig Boltzmann, ambaye alifundisha fizikia kwa moto kama mtu anayehubiri. Lise hakuuacha tena moto ule. Mwaka wa 1906 alipata udaktari wa fizikia, mwanamke wa pili kuupata katika chuo kile.

Mlango wa nyuma

Mwaka wa 1907 alikwenda Berlin, Ujerumani, kumsikiliza Max Planck, mwanafizikia mkubwa ambaye baadaye alikuwa pia mzee wa kanisa katika mtaa wake. Lise alifikiri kukaa muda mfupi. Alikaa miaka 31.

Huko alikutana na Otto Hahn, mkemia wa umri wake, nao wakaanza kuchunguza pamoja vitu vinavyotoa mionzi. Shida ilikuwa kwamba mkuu wa maabara ya kemia, Emil Fischer, hakutaka wanawake ndani. Aliogopa kwamba nywele zao zingeshika moto. Mwishoni akakubali Lise atumike katika chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, mradi aingie kwa mlango wake wa pembeni na asipande kamwe juu waliko wanaume. Choo cha wanawake hakikuwepo, ikambidi kwenda kwenye mgahawa wa jirani. Mshahara pia hakuwa nao. Baba yake alikuwa akimtumia pesa kidogo kutoka Vienna.

Mwaka wa 1908, akiwa na karibu miaka 30, Lise alibatizwa katika kanisa la Kiprotestanti. Hakuwa mtu wa kusema sana juu ya imani yake, na sisi hatutaki kumgeuza kuwa mhubiri. Ila ubatizo huo tuukumbuke, maana utarudi mbele katika habari hii.

Polepole milango ilifunguka. Mwaka wa 1912 Planck alimchukua kuwa msaidizi wake, naye akaanza kulipwa. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia aliacha maabara akaenda kuwapiga picha za eksirei askari waliojeruhiwa, katika hospitali za jeshi la Austria. Alipopata nafasi alirudi kwenye utafiti, na mwaka wa 1918 yeye na Hahn walitangaza kwamba wamegundua elementi ya 91, protaktini. Mwaka wa 1926 akawa profesa wa fizikia katika chuo cha Berlin, mwanamke wa kwanza kufika hapo Ujerumani nzima. Miaka michache kabla, alipotoa somo lake la kwanza mbele ya watu juu ya fizikia ya anga za mbali, gazeti moja lilikosea likaandika kwamba bibi huyo alifundisha juu ya fizikia ya vipodozi. Labda mwandishi hakuweza kuwaza mwanamke akizungumzia jambo lingine.

Babu zako ni nani?

Mwaka wa 1933 Hitler alishika utawala. Sheria mpya zikatoka, nazo hazikuuliza mtu anaamini nini, wala amefanya kazi gani, wala amebatizwa wapi. Ziliuliza babu na bibi zake walikuwa kabila gani. Lise alikuwa Mkristo kwa miaka 25, lakini mbele ya sheria ile maji ya ubatizo hayakuhesabiwa. Alinyang'anywa ruhusa ya kufundisha chuoni. Makanisa mengi ya Ujerumani yalinyamaza, na mengine yalishangilia.

Ndugu zetu wa mashariki hawahitaji kuelezwa zaidi. Tumewahi kusikia swali hilo kwenye barabara zetu, na tunajua linavyoishia.

Lise hakuondoka. Alikuwa bado raia wa Austria, na maabara yake ilikuwa nje ya chuo, kwa hiyo aliachwa aendelee na uchunguzi. Alipenda kazi yake, akajiambia kwamba dhoruba itapita. Mwezi wa 3 mwaka wa 1938 Hitler aliingia Austria na kuitwaa. Siku ile hati ya kusafiria ya Lise ikawa karatasi tupu. Kukaa ilikuwa hatari, na kutoka hakukuwa na ruhusa.

Marafiki walipanga kwa siri. Tarehe 12 mwezi wa 7 alikaa kazini mpaka saa mbili ya usiku akisahihisha maandiko ya kijana mmoja, ili mtu yeyote asishuku. Kisha akafunga vitu vichache katika masanduku madogo. Hahn alimpa pete ya almasi aliyoirithi kwa mama yake, ili akikwama mpakani aitoe kwa walinzi. Kesho yake alipanda gari la moshi pamoja na Dirk Coster, mwanafizikia wa Uholanzi aliyekuja kumchukua. Walivuka mpaka, na pete haikuhitajika. Lise alikuwa na miaka 59, na mfukoni alikuwa na mark 10 za Ujerumani. Miaka 31 ya kazi ilibaki nyuma.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 2, kuna jamaa nyingine iliyoondoka usiku kwa kuogopa mfalme. Kumbe herufi hizo mbili zinakaribiana kuliko tulivyofikiri.

Barua katika theluji

Kutoka Uholanzi alifika Sweden. Katika maabara ya Stockholm alipewa nafasi ya kukaa, lakini hakupewa vyombo vya kutosha wala wasaidizi, na mshahara ulikuwa mdogo. Mtu aliyeongoza idara nzima Berlin alirudi kuwa kama mwanafunzi anayeomba ufunguo. Tena aliwaza juu ya jamaa yake. Shemeji yake alikuwa amefungwa katika kambi ya Dachau.

Huko Berlin, Hahn na kijana wake Fritz Strassmann waliendelea na uchunguzi ambao Lise mwenyewe alikuwa ameuanzisha pamoja nao. Walikuwa wakiipiga urani kwa neutroni, yaani chembe ndogo zilizomo ndani ya atomu, na kutazama kinachotokea. Mwezi wa 12 Hahn alimwandikia Lise habari ya ajabu. Katika urani iliyopigwa wamekuta bari, elementi ambayo uzito wake ni karibu nusu tu ya urani. Kwa kemia walikuwa na hakika, ila sababu hawakuijua, wakamwomba Lise aitafute.

Noeli ya mwaka huo Lise alialikwa na marafiki katika mji mdogo wa Kungälv. Otto Frisch, mtoto wa dada yake, mwanafizikia pia, alimfuata huko. Walitoka kutembea kwenye theluji, kijana akiwa juu ya ski, mama mdogo akienda kwa miguu na hakuachwa nyuma. Waliketi juu ya gogo la mti, wakatoa vipande vya karatasi, wakaanza kupiga hesabu.

Fikiri tone la maji juu ya jani la migomba. Likiwa dogo linajishika vizuri. Likiwa kubwa mno linatetemeka, na ukiligusa kidogo linajivuta katikati na kuwa matone mawili. Ndivyo walivyoona kiini cha urani. Ni kikubwa hata karibu kinashindwa kujishika, na neutroni moja ikikigusa, kinagawanyika. Lise alikumbuka kwa kichwa uzito wa viini mbalimbali, akaona kwamba vipande viwili vikijumlishwa vinapungukiwa kidogo kuliko kile cha kwanza. Upungufu huo, kwa kanuni ya Einstein, umegeuka kuwa nguvu. Nguvu ya kiini kimoja tu inatosha kurusha chembe ya mchanga hata jicho likaona. Na katika kipande kidogo cha urani, viini havina hesabu.

Maelezo yao yalichapishwa Uingereza katika gazeti la Nature mwezi wa 2 mwaka wa 1939. Miezi michache baadaye vita ilianza.

Urani ya Katanga

Hapa habari inaingia nyumbani kwetu. Shinkolobwe, karibu na Likasi, palikuwa na urani yenye nguvu kuliko karibu yote iliyojulikana duniani. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilikuwa ikiichimba toka miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya kupata radi ya kutibia kansa. Mwaka wa 1940 mkurugenzi wake Edgar Sengier alisafirisha zaidi ya tani 1000 za mawe hayo mpaka New York. Mwaka wa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya bomu ilitoka katika udongo wa Kongo. Wachimbaji wetu hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini, na vitabu vinavyosimulia bomu havina majina yao.

Lise, yeye, aliambiwa. Mwaka wa 1943 alialikwa kujiunga na wataalamu waliokuwa wakikusanyika kutengeneza bomu Marekani. Tupime vizuri mwaliko ule. Ungemtoa katika upweke wa Stockholm, ungemrudisha kati ya rafiki zake wakubwa, na ungempa vyombo na heshima. Tena sababu haikuwa ndogo: watu waliogopa kwamba Hitler atatangulia kupata silaha ile. Frisch, mtoto wa dada yake, alikubali na kwenda. Lise alikataa. Hakutaka kuwa na sehemu yoyote katika bomu.

Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka wa 1945 bomu lilianguka Hiroshima. Waandishi wa habari walimtafuta Lise kijijini alikokuwa amepumzika, wakaanza kumwita mama wa bomu. Jina lile lilimuumiza. Mwaka wa 1946 alipotembelea Marekani walimsifu sana, na watengenezaji wa sinema walitaka kumwonyesha katika filamu juu ya bomu. Alikataa hiyo nayo.

Zawadi na maungamo

Katika mwezi wa 11 wa mwaka ule wa 1945 ilitangazwa kwamba Zawadi ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1944 imepewa Otto Hahn kwa kugundua mgawanyiko wa kiini. Hahn peke yake. Wakati wa utawala wa Hitler isingewezekana kuandika jina la mkimbizi mwenye asili ya Kiyahudi kwenye kazi ile, na jambo hilo tunalielewa. Lakini hata vita ilipokwisha, Hahn aliendelea kuzungumza kana kwamba ugunduzi ulikuwa wa kemia tu. Lise alipendekezwa kwa zawadi ile zaidi ya mara 40 katika maisha yake, asiipate hata mara moja.

Lise hakuvunja urafiki na Hahn, wala hakuufunika ukweli. Vita ilipoisha alimwandikia barua nzito, ambayo haikumfikia. Alisema kwamba wao wataalamu waliobaki Ujerumani walifanya kazi kwa ajili ya utawala mwovu bila hata kujaribu kupinga kimyakimya. Kumficha mtu mmoja hapa na kumsaidia mwingine pale kulikuwa kwema, lakini hakukutosha wakati mamilioni wanauawa. Walipaswa kukiri wazi.

Na baadaye, alipomwandikia tena, hakujiweka kando. Alikiri kwamba yeye pia alikosa. Kukaa Berlin miaka mitano baada ya 1933, akiendelea na kazi kama kawaida kwa kuwa aliipenda, kulikuwa kuutegemeza utawala ule. Huyu ndiye aliyefukuzwa, aliyenyang'anywa, aliyesahauliwa. Angeweza kuhesabu makosa ya wengine mpaka kufa, na watu wangemwelewa. Lakini alihesabu na la kwake.

Strassmann alipomwomba arudi kutumika Ujerumani, hakukubali. Alibaki Sweden, akaendelea na fizikia, na mwaka wa 1960 alihamia Cambridge, Uingereza, karibu na Frisch. Hakuolewa. Alikufa tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka wa 1968, akikaribia miaka 90. Alizikwa kwenye uwanja wa kanisa la kijiji cha Bramley, karibu na kaburi la ndugu yake Walter. Juu ya jiwe Frisch aliandikisha kwamba alikuwa mwanafizikia ambaye hakuupoteza utu wake.

Atomu moja

Mwezi wa 8 mwaka wa 1982, huko Darmstadt, Ujerumani, wataalamu walipiga bismuti kwa viini vya chuma kwa siku nyingi, mpaka wakapata atomu moja tu ya elementi ya 109. Ilitoweka kabla ya mtu kufumba jicho. Waliomba iitwe kwa jina la Lise Meitner, aliyefukuzwa na nchi ileile. Mwaka wa 1997 jina likakubaliwa duniani pote. Jina la Hahn nalo lilipendekezwa kwa elementi ya 105, lakini halikupita. Elementi ya kuri inawaheshimu Marie Curie na mume wake Pierre pamoja. Meitneri inamheshimu mwanamke mmoja aliyeishi, peke yake.

Neno kwa makanisa yetu

Tungeweza kuishia hapo na kusema kwamba haki ilichelewa lakini ikafika. Ila sisi tunaona somo lingine. Jina katika jedwali halikumponya Lise na lolote, maana alikwisha kulala. Alichokiona kuwa na thamani akiwa hai ni mambo mawili. Alipoambiwa kazi ya mikono yake itaua, aliikataa. Na alipotazama nyuma akaona mahali alipokaa kimya, alikiri.

Mawe yanaendelea kutoka katika milima yetu. Mengine yanakwenda kwenye simu, mengine kwenye silaha, na mara nyingi anayechimba haambiwi. Hatumhukumu baba anayeingia shimoni ili watoto wale. Lakini kati yetu kuna wanaojua: wanaopima, wanaonunua, wanaotia sahihi, na viongozi wa kanisa wanaopokea sadaka ya mnunuzi bila kuuliza swali. Kwa hao, na kwa sisi tunaoandika, Lise Meitner ameacha swali. Tukijua, tunafanya nini? Na kama tulijua zamani tukanyamaza, tutakiri lini?

Tunaomba wazee wa vikundi vya vijana walizungumze jambo hili pamoja na wanafunzi. Wapeleke jedwali la elementi kanisani, watafute herufi Mt, kisha wafungue pia Matayo sura ya 2. Na tuwaombee wale ambao usiku huu wanafunga vitu vyao katika mfuko mmoja, wasijue kesho watalala wapi. Bwana awatangulie njiani.